Shingo ya Kwanza

Kinyozi wangu alikuwa na mkono wa kulia ambao nusu ya Bariadi iliukabidhi koo bila wasiwasi. Siku mkono huo ulipolala, mji ukasema basi, yamekwisha. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Nakiri mapema ili usije ukanidhania mtu wa imani kubwa. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifunga viatu. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukabaki mzima, na binti yake akaja kumchukua akampeleka kwake Mwamanyili. Kibanda kikatiwa kufuli. Likabaki swali moja: mtu aliyeishi kwa kunyoa wenzake ataishije kama hakuna tena atakayempa shingo?

Huko nitafika. Kwanza nataka umjue, maana nikianza kumsimulia nasisimka mpaka mguu unakanyaga cherehani wakati hakuna nguo chini ya sindano. Mimi ni fundi wa kushona. Miaka kumi na mmoja kibaraza changu na kibanda chake vilitazamana pale sokoni, katikati yetu njia ya kupita mkokoteni mmoja. Sijui alizaliwa mwaka gani wala babu yake aliitwa nani. Ninachokijua ni kwamba kila asubuhi nilimwona akinawa mikono mara tatu kabla hajagusa chochote, na ya tatu alinawa kwa hasira, utadhani mikono imemtukana.

Hakunyoa kwa mashine. Mpwa wake alimletea moja kutoka Mwanza, nzuri, inayochajiwa. Akaitundika kwenye msumari ukutani, na ikatundikwa hapo miaka yote ninayomjua. Vijana walipomwambia, "Mzee, si uwashe hiyo," alijibu, "Hiyo inafyeka. Kama mnataka kufyekwa, shamba liko huko." Yeye alikuwa mtu wa wembe wa mpini, ule unaokunjika kama kisu cha mfukoni, ambao makali yake ni kiwembe cha kawaida kilichovunjwa nusu na kubanwa kwenye ncha. Mpini unadumu, kiwembe kinabadilishwa. Alikuwa nayo minne. Aliilaza juu ya kitambaa cheupe kwa kupangana, na ole wako uiguse.

Ilikuwa raha kumtazama akianza. Anachukua kiwembe kipya kikiwa bado ndani ya karatasi yake, anakiinua mbele ya macho ya mteja, anauliza, "Umekiona?" Mteja akijibu, anakikunja humo humo ndani ya karatasi. Tak! Nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kushuka na ndevu zinakoelekea. Nusu ya pili ilikuwa ya kupita kwa ubavu, kumalizia. Zote mbili, mteja akishuka kitini, zilitumbukizwa kwenye kopo la maziwa lililotobolewa juu kwa msumari. Hazikutoka tena humo.

Nasema hazikutoka, ila mara moja nusu moja ilitoka, na mwizi ni mimi. Fundi nguo anataka wembe wa kufumulia mishono kila siku ya Mungu. Nikamwambia, mzee, hivyo ulivyomaliza kazi navyo si unipe? Akaniambia, "Kilichomnyoa mtu hakifumui nguo ya mtu." Nikaona ni ubahili. Siku moja alipokwenda kunywa chai nikavuka njia na koleo langu dogo, nikachokoa kopo. Nilikuwa nimeshafumua mkono mmoja wa shati la sare alipoiona ile nusu mkononi mwangu. Hakufoka. Wiki mbili nzima alinipa ile salamu yetu ya asubuhi tu, "mwangaluka" kavu, halafu ananigeuzia mgongo. Wiki ya tatu akavuka njia, akaweka pakiti mpya ya viwembe juu ya cherehani yangu. "Fumua," akasema. Akarudi kwake. Niliona aibu ambayo hata leo ikinijia naangalia pembeni.

Ungemdhania mtu wa hospitali, jinsi alivyoogopa damu ya mtu kukutana na ya mwingine. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya, na sauti yake ilifika barabarani. Lakini mtu huyo huyo, jioni kabla ya kufunga, alizoa nywele zote za siku hiyo, hata kaunywele kalikonasa kwenye ufa wa sakafu, akaenda kuzifukia nyuma ya kibanda kwa mkono wake. Nilimchokoza, "Mzee, na kwaya yote ile?" Akasema, "Mungu namjua. Watu pia nawajua." Basi. Ukitaka zaidi ya hapo utajaza mwenyewe.

Na usimtajie methali ya kinyozi hajinyoi. Alijinyoa kila asubuhi kabla mimi sijafungua mlango, akitumia kioo kilichovunjika kona, na aliichukulia methali ile kama matusi ya mtu mmoja anayemfahamu. "Huyo aliyesema alikuwa mvivu," aliniambia, "au alikuwa na kioo kibaya." Ile nyingine ndiyo aliyoipenda, ya mwenzako akinyolewa zako tia maji. Wengine huisema kumwonya mtu kwamba yaliyompata jirani yaja kwake. Yeye aliisema kwa maana ya maji. Ukikaa kwenye benchi kusubiri zamu, alikutupia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, ukifunike kidevuni, ukae hivyo kimya. "Ndevu kavu ni waya," alisema. "Ndevu zilizolowa ni majani." Ndipo likaja povu la sabuni kwa brashi, kwa kuzungusha, taratibu, na kidole gumba cha kushoto kikiivuta ngozi iwe kama ngoma. Wembe ulipopita ulitoa sauti ndogo ya kukwaruza, tamu. Nilikuwa naisikia ng'ambo ya njia cherehani ikinyamaza.

Sasa nikupeleke msibani, maana huko ndiko nilikomvulia kofia.

Tulikwenda pamoja Mwanhuzi, kumzika mkwe wa jirani yetu wa duka la nafaka. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: baada ya mazishi wafiwa wote hunyolewa vichwa, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kwa wembe mmoja. Ndiyo maana yake, wembe mmoja kwa sababu damu ni moja. Wakamwomba yeye, kwa heshima, kwa kuwa ni fundi kutoka mjini. Mzee wa ukoo akamletea kiwembe kimoja kwenye kisahani. Wafiwa walikuwa wameshakaa chini mstari mrefu, kina mama upande mmoja, na mimi nikamwona mwenzangu anatazama kile kisahani bila kunyoosha mkono.

"Sinyoi hivyo," akasema.

Mzee wa ukoo akamuuliza polepole, "Unataka kutugawa siku ya msiba?"

Mimi nilishaanza kutafuta baiskeli za watu kwa macho, nione tutakimbilia upande gani. Yeye akatoa mpini mfukoni, mtupu, bila makali. Akaupitisha mkononi mwa mzee, mzee akautazama. "Baba, huu ndio ukoo," akasema. "Ni mmoja. Utapita kwenye vichwa vyote na sitaubadilisha. Hiki kinachowekwa hapa kwenye ncha ni mtu. Mtu huja akaondoka, kila mmoja na wake. Si ndiye tuliyekuja kumzika leo?"

Yule mzee aliufungua ule mpini, akaukunja. Halafu akauweka tena mkononi mwa kinyozi, akasema, "Anza na mimi." Akanyoa vichwa vyote mpaka jua likaelekea kuzama, kila kichwa na kiwembe chake kutoka kwenye pakiti alizokuja nazo, mpini ule ule. Mimi ndiye niliyekuwa mvunja viwembe, na vidole viliniuma siku tatu. Sijawahi kujivunia kuumwa vidole kama nilivyojivunia siku zile!

Ubaya wake nao usipite bila kusemwa. Hakusifu mtu. Ukimwuliza kama umependeza, alikujibu, "Umenyolewa." Alikuwa mkali kwa wasemaji, ukifungua mdomo kitini aliondoa wembe akakunja mikono, akangoja umalize habari zako zote mbele ya benchi lililojaa watu, mpaka unaona haya. Na alinikatalia kitu kimoja miaka sita mfululizo: kunifundisha kujinyoa. Nina ndevu za kujikunja, zinazorudi ndani ya ngozi na kuotesha vipele, na shingo yangu wakati huo ilikuwa kama gunzi la mahindi. Nilimwomba. Alisema, "Wewe una haraka. Wembe haupendi watu wenye haraka."

Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, akijikata atajua. Nikajipa mwenyewe. Nilinunua mpini wa rangi ya dhahabu, unaong'aa, wenye joka limechorwa ubavuni, nikajinyoa peke yangu, na nikaja kazini nimebandika plasta sita. Aliniona akavuka njia, akanyoosha kiganja. Nikampa joka langu. Akalitikisa karibu na sikio, likalia chekechekeche.

"Unasikia?" akaniuliza. "Hicho ni kiwembe kinacheza. Ulikuwa unashindana naye, wewe unakwenda huku yeye anakwenda kule."

Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna wateja, na siku hiyo alinifundisha yote kwa mkupuo mmoja. Nilisahau hata suruali ya mtu iliyokuwa inangoja pasi. Mpini mzuri ukiutikisa haulii. Kiungo chake ukikifungua kinakataa kidogo, hakilegei kama mlango wa banda la kuku. Makali yatokeze sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Yakitokeza sana yanauma, yakijificha hayanyoi. Kuhusu viwembe, akaniambia nisinunue boksi zima kwa kumsikiliza muuzaji. Ninunue aina tatu nne, kimoja kimoja, ninyoe siku tofauti, ndevu zangu zichague zenyewe. Nikamwambia mimi nataka kile kisicho kikali sana, nina ngozi laini. Akacheka, mara moja moja alikuwa anacheka. "Kiwembe butu ndicho kinachokata mtu," akasema, "maana unakilazimisha. Kikali unakiomba tu." Tangu siku ile shingo yangu ilianza kupona. Mwezi wa pili vipele vikaisha, na nikawa naipapasa mbele ya wateja wangu bila sababu.

Basi kiharusi kikaja, na miezi tisa ikapita.

Nilimpigia simu mara kwa mara mwanzoni, halafu kwa nadra, unajua tena. Alisema, "Mhola, niko salama," akakata. Mwezi uliopita akapiga binti yake, ninayemwita Mama Kulwa. "Kaka, baba ananisumbua," akasema. "Anataka umletee mpini mpya na viwembe. Anasema uchague wewe."

"Nichague mimi?"

"Ndivyo alivyosema. Anataka kunyoa kwa kushoto, na ile mipini yake minne anasema imezoea kulia. Ameshaweka kiti nje chini ya paa la jiko, wiki ya tatu hii. Watu wanamsalimia wanapita. Kaka, ukija mwambie aache. Akikosa mtu atakufa kwa huzuni, nami sitaki kuona hilo."

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno moja. Nichague mimi! Mtu aliyenipa salamu kavu wiki mbili kwa kugusa kopo lake! Nilifunga kibaraza mchana kweupe, nikazunguka maduka yote ya vipodozi Bariadi, nikitia kiwembe na kutikisa mipini sikioni mpaka wauzaji wakaanza kuitana waje waone. Niliikataa saba. Wa nane ulikuwa kimya, kiungo kimekaza, makali yamenyooka kama mshono wa mashine mpya. Na ulikuwa mwepesi, mwepesi kabisa, wa plastiki ngumu. Nikasema huu ndio, mkono dhaifu hautachoka. Nikachukua viwembe vya aina mbili, vikali na vya wastani. Kesho yake nikapanda gari la Lamadi, kutoka hapo pikipiki, nimekumbatia kile kifurushi kana kwamba ni kifaranga.

Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa pajani. Uso wake, uso ule ambao sikuwahi kuuona na unywele mmoja, ulikuwa umenyolewa, lakini ulikuwa umejaa makovu madogo madogo, mengine mapya. Nikaelewa. Miezi yote ile alikuwa anajifunzia usoni mwake.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaniita mwanawe. "Leta."

Akaupokea kwa kushoto, akautikisa sikioni, akakubali kwa kichwa. Akaupima kiganjani, akaupima tena. Halafu akanitazama na uso ukabadilika.

"Umenunua kwa huruma," akasema.

"Nilifikiri mkono..."

"Mkono unaotetemeka unataka kitu kizito, kiutulize. Huu utacheza nao. Umenihurumia ukasahau nilichokufundisha."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yeye alishamwita binti yake, alete mpira wa tyubu ya baiskeli na msumari wa inchi tano. Mama Kulwa akaubana ule msumari kwenye ubavu wa mpini akauviringishia mpira, tabaka juu ya tabaka, baba yake akipima na kusema bado, bado, mpaka akasema hapo. Ulikuwa mbaya kuutazama. Akachagua viwembe vikali bila hata kuvigusa vile vingine, akanipa kimoja nivunje.

"Sasa kaa," akasema.

Nilijua tangu Bariadi kwamba itafika hapo, ila nilikuwa nimekataa kulifikiria. Kwenye uzio wa minyaa walikuwa wamesimama watu watatu: mama mmoja na ndoo yake, mzee mwenye fimbo ya ng'ombe, na bwana mmoja aliyeshika baiskeli, ndevu za majuma kadhaa. Walikuwa wamesimama kama watu wanaosimamia jambo. Mama Kulwa akasema kwa sauti ya chini, "Baba, tafadhali." Nikakaa.

Kitambaa cha moto. Povu, lililochukua muda mrefu kwa kuwa brashi ilimponyoka mara mbili. Nilitakiwa nijivute ngozi mwenyewe, kwani mkono wake wa pili haukuweza, na ndivyo tulivyogawana kazi, mimi nikivuta na yeye akishuka. Alipoweka makali chini ya sikio nilifumba macho. Niliogopa, sitaficha. Nilisikia mkono wake ukitetemeka hewani, halafu ukagusa ngozi, na ulipogusa ukatulia. Ile sauti ikaja! Ile ya kukwaruza, ndogo, tamu, niliyoisikia ng'ambo ya njia miaka kumi na mmoja! Shavu likaisha. Kidevu kikaisha. Furaha ikanipanda mpaka nikacheka, mabega yakatikisika, na hapo hapo nikahisi kichomo kidogo kwenye koo.

Damu ikatoka. Nikaona yule mama anahamisha ndoo mkono wa pili, tayari kuondoka. Nikafunika na kiganja upesi.

"Toa mkono," kinyozi akasema. "Waone."

"Nimetikisika mimi, mzee."

"Najua. Toa mkono waone."

Nikatoa. Akapitisha jiwe la shabu lililolowa maji, likanichoma, damu ikakata. Akabadilisha nusu ya kiwembe, akarudi palepale alipoachia, akamaliza koo lote bila kuharakisha hata kidogo.

Bwana wa baiskeli akaingia ndani ya uzio. Alinijia mimi, hakumwendea kinyozi. Akanipapasa shingo kwa vidole viwili, upande wa kulia, upande wa kushoto, kama anayenunua ndama mnadani. Akatazama ule mkwaruzo.

"Ni huo tu?"

"Ni huo tu," nikasema, "na ni kwa sababu nilicheka."

Kisha akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko na kuvua kofia. Mimi nikamgeukia kinyozi, uso umejaa tabasamu, nikingoja neno lolote kutoka kwake, hata dogo. Alikuwa ameinama, anatafuta kiwembe kipya kwenye pakiti kwa vidole vya kushoto.

"Toka kwenye kiti," akasema bila kuniangalia. "Kuna mteja."